Nilimeza kidonge ndipo nikakaa kwenye kile kiti

Gego langu la chini lilinitesa miezi mitano. Nilisukutua maji ya chumvi, nikaweka karafuu, na kila jirani hapa Ujiji alikuwa na dawa yake. Kwenda kung'oa ndiyo sikutaka hata kusikia. Nikiwa darasa la tano niling'olewa jino ganzi haijashika, watu wawili wamenikandamiza mabega. Sasa nina miaka 41, nimezaa watatu, na bado mlio wa koleo kwenye sahani ya chuma unanilowesha viganja.

Wifi yangu ndiye aliyeniburuta hadi kliniki moja ya meno Mwanga, hapahapa Kigoma. Nikamwambia daktari mapema: mimi mwoga, usinicheke. Hakucheka. Alipima presha, akauliza kuhusu mimba, pumu na dawa ninazotumia. Shavu lilikuwa limevimba, kwa hiyo akaanza na dawa ya kukausha usaha. Alisema penye usaha ganzi haishiki vizuri. Hapo ndipo nikaelewa kisa changu cha darasa la tano, baada ya miaka yote hiyo.

Kisha akaniandikia diazepamu, vidonge vya kutuliza hofu, vya miligramu 5: kimoja usiku wa kuamkia siku yenyewe, kingine saa moja kabla.

Msidhani unalala. Niliona kila kitu, ila hofu ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyekaa pembeni yangu. Na kidonge hakiondoi maumivu, sindano ya ganzi unachomwa vilevile. Alisubiri, akagonga jino, akauliza, "Mama, unasikia maumivu au unasikia nasukuma tu?" Tukapatana nikinyanyua mkono wa kushoto anaacha. Niliunyanyua mara mbili. Mara ya pili haikuuma, nilitaka tu kuona kama kweli ataacha. Akaacha. Kwangu mimi hapo ndipo palipokuwa na dawa kuliko kwenye kidonge.

Lawama ninayo. Hakuna aliyeniambia nisije peke yangu. Nilishameza kidonge, nikapanda bodaboda kutoka Ujiji nikiwa nasinzia, nafika mapokezi naambiwa bila mtu wa kunirudisha sihudumiwi. Ikabidi wifi aache dagaa wake Kibirizi aje. Kuhusu kutokuwasha jiko na kutofanya biashara hadi kesho yake, nililisikia hilo nikiwa tayari na pamba mdomoni. Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi ya miadi. Nilifika nyumbani nikalala, adhana ya alasiri sikuisikia.

Niliulizia ile gesi ya kutuliza hofu inayovutwa puani, ambayo wanasema inaisha mwilini baada ya dakika chache. Hawana. Ingenifaa zaidi, maana genge langu halina mtu wa kukaa.

Jino la juu nalo lina tundu, naenda kuziba Alhamisi. Wifi nimeshamwambia. Anataka migebuka miwili ya kukaanga ndiyo aje.