Suingiamu ya pikipiki ya mbio kwenye Suzuki SV650, na sababu ya kuchagua tairi la 180 badala ya 190

Suzuki SV650 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoingia sokoni mwaka 1999, ilitoka kiwandani ikiwa na tairi la nyuma la 160/60ZR17 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita) kwenye rimu ya inchi 4.5, na la mbele la 120/60ZR17. Kwa injini ya silinda mbili yenye cc 645, vipimo hivyo vinatosha kwa matumizi ya kawaida, na sikuwa na haja ya tairi pana kwa ajili ya kupendeza macho. Nilichotaka ni utulivu. Katika kona ndefu zenye mabonde madogo, mwendo ukiwa mkubwa, sehemu ya nyuma ya pikipiki yangu ilikuwa ikiyumba, hata baada ya kubadilisha shokapu na beringi. Ndipo nikaweka suingiamu ya aluminiamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma, iliyotoka kwenye pikipiki ya mbio ya cc 600, pamoja na rimu yake ya inchi 5.5. Nimeendesha kilomita 6,000 tangu wakati huo, na ninaweza kuieleza kazi hiyo kwa uhakika.

Nianze na hali ya mzigo wenyewe. Muuzaji alinihakikishia kwamba kila kitu kimekamilika, lakini nilipofungua nilikuta kishikio cha kalipa ya breki, yaani kifaa kinachobana diski, hakimo, na beringi za sindano za upande mmoja zimeshikwa na kutu kiasi kwamba hazikuzunguka kabisa. Beringi hubadilishwa kwa urahisi. Kishikio cha kalipa ndicho kilichonichelewesha wiki nzima, kwa kuwa umbo lake hufuata suingiamu, ekseli na ukubwa wa diski kwa pamoja, na huwezi kukibuni kwa kukisia. Yeyote anayenunua suingiamu iliyotumika aikubali tu ikiwa imekuja na gurudumu lake, ekseli, spesa zote mbili (vipande vya kujazia nafasi), kishikio cha kalipa na kishikio cha sproketi, yaani gia ya mnyororo. Vilevile alaze mkono huo juu ya meza iliyonyooka na kuukagua kwenye maungio, kwa sababu ufa mdogo hujificha chini ya rangi, na mkono ulioanguka pamoja na pikipiki unaweza kuwa umepinda bila jicho kuona.

Kuufunga kwenye fremu ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na ya hatari. Upana wa mkono kwenye egemeo, pale unapozungukia kwenye fremu, haukulingana na nafasi iliyomo kati ya kuta za fremu yangu, hivyo fundi wa mashine ya kukereza alitengeneza spesa mpya kwa vipimo vya venia, kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita. Hapa inafaa kuwa na subira. Spesa ikiwa fupi, mkono hucheza kando. Ikiwa ndefu, fremu hulazimika kutanuka, na beringi hufa mapema. Tulipima hivi: shokapu ikiwa imefunguliwa na nati ya egemeo imekazwa kwa nguvu iliyoagizwa, mkono ulipanda na kushuka bila kukwama, na tulipousukuma kushoto na kulia haukucheza hata kidogo. Baada ya hapo tulivuta nyuzi mbili zilizogusa mbavu za tairi la nyuma, pande zote mbili, hadi mbele. Kwa kuwa tairi la nyuma ni la milimita 180 na la mbele ni la 120, uwazi kati ya uzi na tairi la mbele unapaswa kuwa karibu milimita 30 kila upande. Mara ya kwanza tulipata 34 upande mmoja na 26 upande wa pili. Gurudumu lote lilikuwa limekaa milimita 4 nje ya mstari wa katikati, na ilibidi spesa zikerezwe upya. Wapo wanaoachia tofauti kama hiyo ipite. Mimi nisingekubali kupanda pikipiki ya namna hiyo.

Suingiamu yenyewe ni ndefu kidogo kuliko ya awali, na hili lina faida inayojulikana. Mwaka 1998 Yamaha waliipangia YZF-R1 shafti za gia moja juu ya nyingine ili injini iwe fupi, wakapata nafasi ya kuweka mkono mrefu huku umbali kati ya magurudumu ukibaki milimita 1,395. Wao walirefusha mkono ndani ya pikipiki fupi. Anayebadilisha mkono peke yake hurefusha pikipiki nzima, jambo linaloongeza utulivu na kupunguza wepesi wa kugeuka. Kuna gharama nyingine ambayo wengi huisahau. Ikiwa mkono wa milimita 550 unabadilishwa kwa wa 580, na shokapu ikashikwa umbali uleule kutoka kwenye egemeo, gurudumu hupata nguvu zaidi ya kuiminya springi, na ugumu unaohisiwa kwenye gurudumu hupungua kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana siku za mwanzo pikipiki yangu ilikaa chini kwa nyuma nilipofungua mafuta kutoka kwenye kona, na ikapanua mzunguko wake kila mara. Springi ngumu zaidi iliondoa tatizo hilo. Kukaza ile ya zamani hakukulimaliza.

Sasa matairi, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote. Rimu ilikuja na tairi la 190/50ZR17 ambalo mwenye awali alilivalisha. Namba hizo husomeka hivi: upana ni milimita 190, urefu wa ubavu ni asilimia 50 ya upana huo, yaani milimita 95, na rimu ni ya inchi 17. Ukijumlisha mbavu mbili na rimu unapata kipenyo cha karibu milimita 622. Tairi la 180/55 lina ubavu wa milimita 99 na kipenyo cha karibu 630. Kwa hiyo lile jembamba ndilo refu, na urefu huo una maana: linainua nyuma ya pikipiki kwa milimita 4 zaidi, na umbo lake la mviringo linaipa pikipiki njia laini ya kulala. Nikiwa na 190/50, pikipiki ilikataa kuanza kulala, kisha ikaanguka ghafla ndani ya kona, na kila nilipogusa breki katikati ya kona ilitaka kusimama wima. Siku nilipovalisha 180/55 nilirudi kwenye kona zilezile, na mikono yangu ikapumzika. Rimu ya inchi 5.5 ndiyo inayolifaa tairi la 180. Tairi la 190 hukaa vizuri zaidi kwenye rimu ya inchi 6.0.

Kanuni hiyohiyo inawahusu wanaobaki na suingiamu ya awali huku wakitamani upana. Tairi la 180 likivalishwa kwenye rimu ya inchi 4.5, kingo zake hubanwa, taji lake hupanda kama paa la nyumba, na eneo linalogusa barabara wakati pikipiki imelala hubadilika kutoka lilivyokusudiwa na mtengenezaji. Huo si uboreshaji. Mwenye rimu hiyo abaki na 160/60, kwani matairi mazuri ya kipimo hicho yapo.

Kulikuwa na suala la mnyororo pia. Kwa tairi la 190, mnyororo ulipita milimita 4 tu kutoka kwenye ubavu, na tairi hutanuka kidogo linapozunguka kwa kasi. Kwa 180 nafasi imekuwa karibu milimita 9. Kuhusu 190/55, lenye kipenyo cha karibu milimita 641, sikulijaribu kabisa: ukilinganisha na 160/60 ya kiwandani, mzunguko wake umezidi kwa karibu asilimia 2.7, hivyo gia huwa ndefu, na kwenye pikipiki zenye breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, kompyuta husoma tofauti ya kasi kati ya magurudumu ambayo haikutarajiwa.

Mbele nilibaki na 120/60, ingawa kipimo cha 120/70 kina matairi mengi zaidi ya kuchagua. Ubavu wake ni milimita 84 badala ya 72, kwa hiyo pua ya pikipiki hupanda milimita 12 na usukani huwa mzito. Anayelitaka anaweza kushusha pua kwa kupandisha mirija ya shokapu za mbele ndani ya vibanio vyake, lakini lazima kwanza ahakikishe kwamba tairi haligusi madgadi wala rejeta shokapu za mbele zinapominywa hadi mwisho.

Katika ununuzi nilitazama pia alama za 73W, yaani uzito wa kilo 365 kwa tairi na kasi ya kilomita 270 kwa saa, pamoja na tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Je, suingiamu hii inafaa? Kwa anayeendesha kwenye viwanja vya mbio, ndiyo, na kwa moyo wote: ule uyumbaji umekwisha, na matairi laini ya mashindano yanapatikana kwa wingi katika kipimo cha 180/55. Kwa safari za kila siku, springi bora na tairi jipya la 160/60 vitamfikisha mbali zaidi kwa kazi ndogo. Mimi nimebakiwa na jambo moja: sproketi ya mbele bado iko ndani kwa milimita 1 kuliko ya nyuma, na nimeagiza spesa ya kuisogeza kabla mnyororo haujaanza kula meno.