Proxmox VE kwa ofisi za Kisumu na Nakuru: seva ndiyo, simu bado

Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, kampuni ya programu za kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja), Novemba 2023. Mwezi uliofuata leseni za kununua mara moja ziliondolewa, na malipo yakawa ya muda, yanayohesabiwa kwa kila kiini cha prosesa. Prosesa yako ikiwa na viini 8, utalipia 16, maana hicho ndicho kiwango cha chini. SACCO yenye seva mbili mjini Kisumu na matawi Ahero na Siaya haina haja ya mhasibu mkali kuona kwamba hesabu hiyo haimfai mdogo. Ndiyo maana jina linalotajwa sasa kila mtu anapozungumzia kuhama ni Proxmox VE, kazi ya kampuni ya Vienna, Austria, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2008.

Maoni yetu ni haya. Kwa kuendesha mashine pepe, Proxmox ni chaguo zuri, na kwa ofisi za ukubwa huu hatuoni sababu ya kulipa zaidi. Kama wingu binafsi, inakufikisha nusu ya njia. Kwa simu na laputopu ambazo wafanyakazi wamejinunulia wenyewe, haina lolote, na anayekuuzia mradi mzima kwa kusema "Proxmox itashughulikia" muulize maswali zaidi.

Programu yenyewe ni ya bure, chanzo chake kiko wazi. Kinachouzwa ni usajili wa mwaka kwa kila soketi ya prosesa, na ngazi ya chini kabisa huzidi yuro 100 kidogo. Seva mbili za soketi mbili mbili ni usajili nne. Ngazi hiyo hukupa hazina ya masasisho yaliyopimwa zaidi, si fundi wa kumwandikia. Msaada huanza ngazi inayofuata, kwa saa za kazi za Vienna, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu. Usiposajili, kila ukiingia utaonyeshwa ujumbe wa kukukumbusha, na masasisho yatakwama kwa kosa la 401 mpaka ubadilishe hazina kuwa ile isiyo na usajili. Wengi huliona kosa hilo wakadhani intaneti imekatika.

Kwa vifaa, seva zilizotumika za aina ya Dell PowerEdge R730 au HPE DL380 Gen9 zinatosha kabisa. Jambo la kuangalia ni kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja. ZFS, mfumo wa diski unaofaa zaidi hapa, unataka kuziona diski moja kwa moja, kwa hiyo kadi iwekwe katika hali ya HBA, yaani ipitishe diski bila kuziunganisha, kabla ya kusakinisha chochote. Ukiiacha kadi iunde RAID yake kisha ukaweka ZFS juu, diski ikianza kuoza ZFS haitaona ni ipi wala haitaweza kuirekebisha data yake. Pia usinunue SSD za laputopu. Hazina kapasita za kulinda data umeme unapokatika, huwa nzito mno hifadhidata inapoandika, na huchakaa upesi; safu ya Wearout kwenye orodha ya diski itakuonyesha asilimia ikipanda.

Kuna wanaoshauri Ceph, mfumo wa kusambaza data kwenye diski za seva kadhaa, kwa kila mteja. Ceph inataka angalau seva tatu na mtandao wa gigabiti 10 kati yake. Kwenye swichi ya gigabiti 1 itakuwa nzito, na diski moja ikifa, kazi ya kuijenga upya itaumeza mtandao wote. Kwa duka la jumla pale Oginga Odinga Street, seva mbili zinazonakiliana kwa ZFS zinatosha. Unakili wa kawaida ni kila dakika 15, unaweza kuushusha hadi dakika moja, na hasara kubwa unayokubali ni kazi ya muda huo. Sharti ni kwamba hifadhi iwe na jina lile lile kwenye seva zote mbili, la sivyo unakili hautaanza.

Sasa kuhama kwenyewe. Tangu toleo la 8.2 la mwaka 2024, Proxmox ina chombo cha kuvuta mashine kutoka ESXi, programu ya VMware inayoendesha mashine kwenye seva: unaongeza seva ya ESXi kama hifadhi, unachagua mashine, unabonyeza Import. Iunganishe na ESXi yenyewe, si vCenter inayosimamia seva nyingi, maana kupitia vCenter mwendo hushuka sana. Futa snapshoti zote (picha za hali ya mashine za wakati fulani) kabla. Diski zilizo kwenye vSAN, hifadhi ya pamoja ya VMware, hazivutiki kwa njia hii, zihamishie hifadhi ya kawaida kwanza.

Kwenye Windows ndiko watu hukesha. Ondoa VMware Tools (draiva na zana za VMware ndani ya mashine) mashine ikiwa bado upande wa zamani. Ikishahama, kisakinishi chake hugoma kujiondoa kwa sababu hakioni VMware. Ukiweka diski ya kuwashia kwenye VirtIO SCSI (kidhibiti cha diski chenye kasi cha mashine pepe) moja kwa moja, Windows itaanguka na kosa la 0x7B, kwa kuwa draiva haijapakiwa. Njia salama ni kuiwasha kwanza kwa SATA, kuipachika diski ndogo ya pili ya gigabaiti 1 kwenye VirtIO SCSI, kusakinisha draiva kutoka CD ya VirtIO, kuzima, kuitoa ile ndogo, kisha kuihamisha diski kuu kwenye VirtIO na kurekebisha mpangilio wa kuwasha. Kadi ya mtandao nayo itakuwa mpya machoni pa Windows. Anwani ya IP uliyoiandika kwa mkono itabaki kwenye kadi ya zamani isiyoonekana, kwa hiyo iandike kwenye karatasi kabla ya kuanza. Linux ni rahisi zaidi, ila kadi iliyokuwa ens192 mara nyingi huwa ens18, na mashine huwaka bila mtandao mpaka faili la mipangilio lirekebishwe.

Programu ya hesabu yenye kidude cha leseni cha USB itakufunga kwenye seva moja: kidude hakihami pamoja na mashine. Na mfumo wa mauzo unaopeleka ankara KRA, mamlaka ya kodi, kupitia mfumo wake wa eTIMS utolewe ankara ya majaribio usiku ule ule wa kuhama. Usingoje foleni ya wateja Jumatatu asubuhi.

Tatizo kubwa zaidi la Proxmox katika ofisi zetu, hata hivyo, liko kwenye akidi. Klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, huamua mambo kwa kura kama mkutano wa chama: lazima zaidi ya nusu wawepo. Seva mbili zina kura mbili. Moja ikizimika, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, akidi haijatimia, na ingawa mashine zilizokuwa zikienda zitaendelea, hutaweza kuwasha nyingine wala kubadilisha mipangilio. Dawa ni kura ya tatu kutoka QDevice, yaani kompyuta ndogo yoyote yenye Debian na kifurushi cha corosync-qnetd. Iwe kifaa cha pembeni kweli. Mashine pepe iliyo ndani ya klasta hiyo hiyo haisaidii kitu.

Na hapa umeme unaingia. Ukiwa umewasha HA (huduma isiyokatika) ili mashine zihamie zenyewe kwenye seva iliyobaki hai, seva iliyopoteza akidi hujizima na kuwaka upya baada ya kama dakika moja, kwa makusudi, ili mashine moja isiendeshwe mahali pawili. Sasa fikiria ofisi iliyoweka seva zake kwenye UPS nzuri, na swichi ikachomekwa ukutani. Umeme unakatika, jenereta inachelewa, swichi inazima, seva hazionani tena, zote mbili zinapoteza akidi na kujiwasha upya zikiwa na umeme tele. Fundi atakagua seva wiki nzima. Swichi ya klasta iwe kwenye UPS, pamoja na kile kifaa cha QDevice. Ukiweza, ziunganishe seva mbili kwa kebo ya moja kwa moja kama njia ya pili ya Corosync, programu inayoziunganisha seva za klasta.

UPS isiwe ya kuendesha kazi, iwe ya kuzima kwa heshima. R730 yenye mzigo mwepesi hula kati ya wati 150 na 250. Sakinisha NUT, programu ya kuzungumza na UPS, ili UPS izipe seva amri ya kuzima. Proxmox huipa kila mashine pepe hadi sekunde 180 kujizima, kwa hiyo hesabu dakika tano za betri baada ya amri kutoka. Betri za risasi hupoteza takribani nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, na chumba cha seva kisicho na kiyoyozi Kisumu mchana hakikai 25. Nakuru wana nafuu ya baridi, shida yao ni vumbi. Kando ya ziwa kuna wadudu wanaofuata taa usiku na kuziba feni. Wavu mzuri dirishani ni bei rahisi. Kwa radi za ukanda huu, kati ya jengo na jengo pitisha faiba, si kebo ya shaba.

Kosa la mwisho la klasta ni kuweka seva moja Kisumu na nyingine Nakuru katika klasta moja. Corosync inataka ucheleweshaji wa chini ya milisekunde 5, na trafiki ya miji hiyo miwili mara nyingi hupitia Nairobi. Nakuru iwe mahali pa bakapu: Proxmox Backup Server huko, ikisawazisha usiku. Haitumi vipande vilivyokwisha kufika, kwa hiyo baada ya nakala ya kwanza mzigo hupungua sana. Ile ya kwanza ijazwe Kisumu, kisha seva ipelekwe kwa gari.

Je, hili ni wingu? Maelezo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ya mwaka 2011 yanataka mambo matano, yakiwemo mtumiaji kujihudumia na matumizi kupimwa. Proxmox ina vikundi vya rasilimali, ruhusa na violezo vya kuunda mashine kwa dakika chache, hivyo idara ya mikopo inaweza kujiwashia mashine ya majaribio bila kumsubiri fundi. Kumtoza mtu kwa alichotumia haimo. OpenStack, programu kubwa zaidi ya kujenga wingu, inayo, lakini inataka timu ya kuilea, na ofisi ya watu 40 haina timu hiyo.

Upande wa vifaa vya wafanyakazi, anza na njia ya kuingia. WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingia ofisini kupitia intaneti, kwenye UDP 51820 ni nyepesi na hustahimili kuhama kutoka wai-fai kwenda data. Intaneti nyingi za bei ya chini hazikupi anwani ya umma yako peke yako, basi ama lipia anwani ya kudumu, ama kodi seva ndogo nje iwe daraja. Weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti za data) 1280 kwa simu; ukurasa ukifunguka nusu na kukwama, sababu mara nyingi ni hiyo. Kila kifaa kiwe na ufunguo wake, si kila mtu. Na mlango wa 8006 wa Proxmox, ulipo ukurasa wa kuisimamia, usionekane kwenye intaneti hata siku moja.

Android tangu 5.0 inaruhusu wasifu wa kazi: programu za ofisi hukaa kando zikiwa na alama ya mkoba, na kampuni ikifuta, hufuta wasifu huo tu. M-Pesa, picha na WhatsApp za mtu hubaki. Bila ahadi hiyo kwa maandishi, wafanyakazi watakataa, na wana haki. Wasifu huu unahitaji mfumo wa kuusimamia. Mmoja wao, Intune, umo ndani ya Microsoft 365 Business Premium. Vizuizi viwili ni vya hapa kwetu hasa. Simu nyingi za Android Go, toleo jepesi la simu za bei ya chini, haziuwezi. Na simu iliyonunuliwa kwa mkopo mara nyingi tayari ina msimamizi wake, yule anayeifunga usipolipa, naye hukataa wa pili. Hesabu simu hizo ofisini kabla ya kununua leseni hata moja.

Kwa walio na simu hizo, data isishuke kabisa: Apache Guacamole huonyesha kompyuta ya ofisini ndani ya kivinjari. Ukiunganisha na Windows Server kwa watumiaji wengi, leseni za RDS (huduma ya Windows ya kuingia kutoka mbali) zinahitajika. Muda wa bure ni siku 120, kisha milango hufungwa. Mafaili yawe Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikisha mafaili, ambayo tangu toleo la 17 inaweza kufuta data yake kwenye simu iliyopotea, pindi simu hiyo itakapopata mtandao tena.

Mtu akiacha kazi au simu ikiibwa, mpangilio ni huu: funga akaunti yake, ondoa ufunguo wa WireGuard wa kifaa hicho, toa amri ya kufuta Nextcloud na wasifu wa kazi, kisha andika saa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ulipojua kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data, iwapo data za wanachama zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika.