Mahindi ya njano juu: mbolea ipi ya salfa ununue Mwanza

Kabla hujatoa hela, ingia shambani uangalie majani. Umanjano ukianzia majani ya chini, kutoka nchani na kufuata mshipa wa kati, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na yurea itakutosha. Ukianzia majani machanga ya juu, mara nyingi kwa milia iliyopauka, shuku salfa. (Zinki nayo hudanganya, ila milia yake huwa mipana na myeupe karibu na shina.) Huku kwetu hali hii hutarajiwa zaidi kwenye luseni, mchanga usio na mboji, ambamo mvua huishusha salfa mbali na mizizi. Salfa ikipungua, mmea hautumii vizuri hata naitrojeni uliyolipia.

Chaguo langu la kwanza ni SA, yaani salfeti ya amonia. Ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, na salfa yake iko tayari kunyonywa. Mfuko wa kilo 50 unakupa kilo 12 za salfa, zinazotosha ekari moja na kubaki. Tatizo ni naitrojeni: kilo 10.5 tu, wakati mfuko wa yurea una 23. Kwa hiyo usinunue SA peke yake. Mimi ningechukua mfuko mmoja wa SA na mmoja wa yurea kwa ekari, nichanganye siku ileile ya kukuzia, maana mchanganyiko ukilala huvuta unyevu na kuganda. Ila SA huongeza uchachu wa udongo; kama shamba lako tayari ni chachu, tenga hela ya chokaa.

Ya pili ni mbolea ya kupandia yenye herufi S kwenye mfuko. Soma namba, usisikilize muuzaji: DAP ya kawaida ni 18-46-0 (naitrojeni, fosfati, potashi), salfa haina.

Ya tatu, jasi. Haichachui udongo, lakini haina naitrojeni, na nauli ya kuifikisha Mwanza inaweza kuipita bei yake.

Unga wa salfa, ule wa wakulima wa korosho, nauweka mwisho. Lazima bakteria wa udongoni waugeuze kwanza, kazi ya wiki kadhaa hata miezi. Mahindi yaliyokwisha kuwa ya njano hayasubiri.

Na CAN, ile ya kukuzia yenye naitrojeni na kalsiamu? Mbolea nzuri, lakini salfa humo hakuna.