TAHADHARI: Wauzaji wa nasaba za Kiingereza za "tangu 1066"

Jihadharini na wauzaji wa nasaba zinazodaiwa kurudi hadi 1066, mwaka Wanormani walipoiteka Uingereza, wanaodai kwamba watu wenye majina ya ukoo yanayokaribiana, mfano Taylor na Tyler, wametokana na babu mmoja wa Uingereza ya enzi za kati. Wanakuuzia mti wa ukoo uliokamilika, na nembo ya kiungwana ya ukoo juu yake. Taylor wa mwanzo walikuwa mafundi wa nguo, Tyler mafundi wa vigae, na mafundi hao walikuwako miji mingi. Majina yalianza kurithiwa kati ya 1100 na 1400 hivi, huku na kule, bila undugu wowote. Nembo nayo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Jina halina nembo.

Kagueni hasa pale mti unapovuka 1538, mwaka ambao Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza parokia ziandike ubatizo, ndoa na maziko. Daftari nyingi za mwanzo zimepotea, na miaka ya 1642 hadi 1660 ina mapengo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza na miaka iliyofuata. Kabla ya 1538, mkulima wa kawaida hupatikana zaidi kwenye kumbukumbu za mahakama za mabwana wa ardhi, pale mrithi alipokabidhiwa shamba la marehemu. Zimeandikwa kwa Kilatini na kuzisoma ni kazi ya miezi. Muuzaji huiruka kazi hiyo: anamchukua John wa Kent, kusini, anamfanya mwana wa John wa York, kaskazini, basi. Hata ndani ya parokia moja, someni maziko pia, maana mtoto aliyebatizwa huenda alizikwa wiki ileile, na muuzaji keshampa wajukuu.

Mbinu ni kongwe. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, aliwauzia Wamarekani matajiri nasaba zenye hati nyingi za kweli, kisha katikati akapachika za kubuni. Mpaka leo watu wanazinakili.

Kwa hiyo kwa kila kizazi daini namba ya hati. Akitaja wosia wa PROB 11 au kodi ya E 179 (namba za mafungu ya wosia na ya kumbukumbu za kodi), tafuteni wenyewe katika orodha ya The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyoko Kew, London. Kutafuta ni bure. "Kumbukumbu za familia" si hati.

Kuhusu DNA: kufanana kwa alama 12 za kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume tu, hakuthibitishi chochote, kwa sababu wanaume wengi wa Ulaya Magharibi wanafanana kiasi hicho. Anzeni na 37, bora 111, kwa wanaume wawili ambao kila mmoja ana nasaba yake ya maandishi. Mwanamke atumie kipimo cha kaka au baba. Vipimo vya kawaida vya mate vinavyotafuta binamu havifiki enzi za kati.

Msilipe yote mwanzoni. Lipieni kwanza utafiti wa kurudi hadi 1837, usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza, mkague, ndipo muendelee. Aliyekwisha kulipa kwa kadi ahifadhi tangazo na mazungumzo, kisha apeleke malalamiko benki mapema, kwani madai hayo yana muda wa mwisho.