Nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo nikitaka kukatwa kimeo

Naendesha Fuso. Natoa mchele Ubaruku kule Mbarali na kuushusha Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa 14. Naandika hasa kwa madereva wenzangu na wake zao, maana mkoromaji hajisikii. Anayejua ni aliyelala pembeni yake.

Kukoroma nilianza zamani na hakuna aliyeona kuwa ni ugonjwa. Kilichobadilika ni kushtuka usiku kama mtu aliyekabwa, moyo unakwenda mbio, mdomo umekauka kabisa. Mama mkwe akasema ni jinamizi, nisilale chali. Shangazi akasema kimeo kimerefuka, yupo mzee anakata kwa dakika mbili tu. Wakati huohuo presha ilipanda. Nilipewa dawa ya kwanza, nikaongezewa ya pili, na bado haikushuka.

Siku moja tuliamka Ruaha Mbuyuni, tulikolala tangu saa mbili usiku. Saa nne asubuhi, tukiwa tumeshapita Mikumi, utingo wangu akanishika mkono: "Mzee, unatoka barabarani!" Tairi za kushoto zilikuwa zimeshaingia kwenye changarawe. Nilikuwa nimesinzia asubuhi ile, na usiku mzima nilikuwa nimelala. Jioni tulipolala Chalinze kijana alinirekodi kwa simu bila kuniambia. Kesho yake nikaitazama video: nakoroma, halafu kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Nilihesabu sekunde 32, ndipo nikavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Video ile ndiyo iliyonipeleka hospitali.

Ni hospitali binafsi ya hapa Dar. Mapokezi yao hayakunifurahisha. Niliambiwa nifike saa tatu, nikaingia kwa daktari saa saba na nusu, na hakuna aliyekuja kutueleza kinachochelewesha. Kwa mtu asiyeweza kukaa kwenye benchi bila kusinzia, hayo ni mateso.

Daktari mwenyewe ni binti mdogo kuliko nilivyotarajia. "Shikamoo baba." Nikamwitikia, nikamwambia moja kwa moja nimekuja kukatwa kimeo. Hakubisha wala hakukubali. Aliitazama video mara mbili, akanipa maswali 8 ya kupima usingizi wa mchana: unasinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa kwenye gari lililosimama foleni, na mengine ya namna hiyo. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Nilipata 17 kati ya 24, akasema zikizidi 10 si jambo la kupuuza. Alinipima shingo kwa futikamba, sentimita 44. Kisha akanipulizia dawa ya ganzi puani na kupitisha mrija mwembamba wenye kamera. Hauumi, ila machozi yanatoka. Akanifunga pua, akaniambia nifunge mdomo na nijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu, huku natazama kwenye skrini. Niliona koo langu likijifunga mbele ya macho yangu, kuta za pembeni zinakutana na shina la ulimi linarudi nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mafindofindo yangu ni madogo, na kimeo si kirefu kama alivyodhani shangazi. Njia inafunga sehemu zaidi ya moja, hivyo kukata kimeo peke yake kusingenisaidia. Na wanaokata mitaani, alinieleza, wanaacha watu na damu isiyokatika na vidonda vilivyooza. Alichokikuta cha kurekebisha ni ukuta wa katikati ya pua, ambao umepinda upande wa kulia. Kwa sasa alinipa dawa ya kupuliza.

Ila hakutaka kuamua lolote kabla ya kipimo cha usiku. Kifaa kilikuwa kimoja tu, nikasubiri wiki tatu. Ni mkanda wa kifuani, mrija mdogo puani na kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Usiku wa kwanza kibanio kilichomoka, nikarudia. Majibu: pumzi inakatika au kupungua mara 41 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, na kuanzia 30 ni kali. Oksijeni ilishuka mpaka asilimia 71. Ugonjwa wenyewe unaitwa apnia ya usingizi, na daktari akasema huenda ndio uliokuwa unashikilia presha yangu juu. Akanikataza kuendesha mpaka nianze matibabu. Wiki tano nilikaa nyumbani huku gari likiendeshwa na mtu mwingine. Iliniuma mfukoni, lakini alikuwa na haki.

Tiba yangu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Niliuliza kama tunajaribiwa kitu kipya. Akanieleza ilibuniwa Sydney, Australia, na Daktari Colin Sullivan, na habari zake zilichapishwa mwaka 1981. Bei ndiyo mlima: nililipa shilingi 2,400,000, na bima haikuchangia hata senti. Wiki mbili za kwanza nilitaka kuirudisha. Barakoa ilikuwa inavuja hewa machoni, na umeme ukikatika unaamka kwa joto la pumzi yako mwenyewe. Nilirudi kwa daktari, akanibadilishia barakoa ndogo ya puani na kunionyesha namna ya kukaza mikanda. Hakunidai hela ya kumwona kwa siku hiyo. Safarini naiunganisha kwenye betri za Fuso za volti 24 kwa inveta.

Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kutumia mashine. Kadi ya mashine inaonyesha natumia wastani wa saa 6 kwa usiku, na pumzi zinazokatika zimeshuka mpaka 3 kwa saa. Presha ilikuwa 168 kwa 104, juzi ilisoma 136 kwa 84 kwa dawa zilezile. Kichwa hakiniumi asubuhi. Mke wangu, aliyekuwa amehamia chumba cha watoto, amerudi.

Daktari nampa nyota 5, mapokezi 2. Mkienda, nendeni na video ya usiku na orodha ya dawa mnazotumia, na mtenge siku nzima. Upasuaji wa pua tumeupanga baada ya msimu wa mavuno, kwa kuwa pua ikifunguka msukumo wa mashine unaweza kupunguzwa. Nikishafanyiwa nitaandika.