Rekodi ya Kuzamisha Utulivu: Sauti Nzuri, Muziki Uliozidi

Rekodi hii ya sauti imekusudiwa mtu anayejifanyia hipnosisi, yaani kujiingiza katika hali ya utulivu mzito na umakini kwa kufuata maneno, ambaye amekwisha kulegeza mwili, lakini utulivu wake ungali wa juujuu. Msimulizi huhesabu kutoka 10 hadi 1 huku akimshusha msikilizaji ngazi moja baada ya nyingine, na kila namba hutamkwa wakati wa kutoa pumzi, jambo la busara kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua kidogo mtu anapopumua nje. Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile ya kufumbua na kufumba macho kwa zamu: unaambiwa uyafumbue kwa muda mfupi, kisha uyafumbe tena, na kila unapoyafumba, kope huwa nzito zaidi na taya hulegea bila kulazimishwa. Kwa bahati mbaya, muziki unaosindikiza sauti una kengele zinazokatiza ukimya pale pale unapohitajika. Hesabu ya kurejea katika hali ya kawaida mwishoni, kutoka 1 hadi 5, nayo imeharakishwa mno, haimwachii mtu nafasi ya kunyoosha viungo. Onyo la kutoisikiliza ukiendesha gari limewekwa mwanzoni, kama inavyostahili. Ningeinunua tena, ila kwa toleo lisilo na muziki, iwapo watalitoa.