Mashine ya kufyonza mchanga kwa wazamiaji wa ridhaa: nzuri, ila mchimbaji ni mkono wako

Naanza na jibu maana najua wengi hawafiki mwisho: kama kikundi chenu kina kibali cha kuchimba meli ya kale na kuna mwanaakiolojia anayewasimamia, hii mashine nunueni. Kama kibali hamna, hela yenu kaeni nayo, hapo hamchimbi mnapora tu.

Sasa inavyofanya kazi. Pampu inakaa juu kwenye boti inasukuma maji kwa presha kupitia hosi mpaka chini, yakifika kwenye bomba yanarushwa kwa nyuma, na huo mkondo ndo unavuta mchanga kwa mbele mdomoni na kwenda kuutema mbali na shimo. Ndani ya bomba hakuna feni wala chochote kinachozunguka kwa hiyo hakuna cha kusaga kitu kikipita, hilo kwangu ni kubwa. Lile bomba la hewa walilotumia sana kwenye Mary Rose, ile meli ya kivita iliyozama 1545 kule Uingereza, ni habari nyingine, pale hewa inapulizwa chini ya bomba lililosimama, mapovu yanapanda yanatanuka yanabeba maji na tope, safi sana ila linataka kina, maji yakiwa machache linakosa nguvu. Hii inavuta hata pale ambapo ukisimama kichwa kinatoka nje.

Nilichokipenda zaidi ni kale kavalvu ka pembeni, kanafunguka kwa kidole gumba hata ukiwa na glavu nene, unapunguza mvuto mpaka unakuwa wa kubembeleza. Mdomo unaushika kama shubiri moja juu ya mchanga, usiuchomeke, halafu mkono wa pili unapepea taratibu kama unafukuza inzi. Tope linanyanyuka, bomba linalimeza, maji yanabaki safi na unaona ubao unajitokeza, kwanza weusi tu, halafu mstari wa kiungo, halafu kichwa cha msumari wa mti. Mashine ni ya kubeba uchafu basi, anayedhani ndo inachimba atakuja kuvunja kitu.

Mabaya yake sasa. Mkia wa bomba la kutolea ni mwepesi mno, pampu ikiwaka unarukaruka huko nyuma, lazima muufunge uzito. Mdomo hauna waya wa kuzuia mawe na makombe, ukiziba katikati ya kazi mpaka muwape ishara walio juu wazime pampu na hapo hewa yako ya kupumua kwenye mtungi inaenda. Na chujio wanalowapa ni kichekesho, matundu makubwa, shanga na mifupa ya samaki inapita kama hakuna kitu, wekeni wavu wenu mdogo kabisa. Vitu vidogo ndo vinasema watu waliishije humo ndani, kwenye Mary Rose walipata hadi chana zenye mabaki ya chawa za mabaharia wa 1545, sasa fikiria hicho kimetemwa nyuma na mkondo umekibeba. Halafu pampu ni ya petroli, msiiwashe upepo ukielekea kwenye kompresa ya kujazia mitungi, moshi ukiingia kwenye hewa ya mtu huko chini mnazika.

Kinachonipa wasiwasi hasa ni spidi yake. Inaondoa mchanga haraka kuliko mtu anavyoweza kupima na kuchora, na tabaka likishaondoka halirudi, hata ukiwa na picha elfu huwezi kujua tena kipi kilikuwa juu ya kipi. Kazi ya ridhaa siidharau kabisa, hiyo Mary Rose yenyewe Alexander McKee na wazamiaji wake walianza kuitafuta 1965 kwa kujitolea tu, mbao zikaonekana 1971, na baadaye waliozamia pale kwa kujitolea walipita 500. Ila angalia na mwendo wao, meli wameinyanyua 1982 na mbao zimekaa zikinyunyiziwa maji na dawa ya kuzihifadhi mpaka 2013. Nyie mna beseni la kulowekea hata ubao mmoja? Maana mti uliokaa chini miaka mingi ukikauka wenyewe unapasuka na kujikunja, na chuma ndo balaa zaidi.

Kuna saizi ya bomba jembamba na nene. Chukueni jembamba, muuzaji atawaambia nene linamaliza kazi mapema na hapo hadanganyi, ndo maana msilichukue.